KABLA YA KUTOA PESA YA KIKUNDI, PIMENI LENZI



Mradi wa kupiga picha ni mradi ambao kikundi kidogo kinaweza kuuanza bila shamba, bila mifugo na bila kungojea mvua. Harusi zipo, ubatizo upo, watoto wanamaliza shule, wazee wanaagwa. Ni kweli siku hizi simu nyingi zina kamera, lakini siku ya maana watu bado hutafuta mpiga picha. Wanataka picha ya kuchapishwa, kutiwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani.

Sasa hapa ndipo pesa hupotelea. Tuseme kikundi kimechanga mwaka mzima, haba na haba. Watu wawili wanatumwa mjini kununua kamera ya mtumba. Wanarudi na lenzi kubwa kama kikombe cha uji, kila mtu anafurahi. Siku ya harusi ya kwanza, picha za nje zinatoka vizuri, lakini za ndani ya kanisa nyuso zimefifia kama zimepakwa maziwa. Mtafanya nini? Bibi harusi hawezi kuolewa mara ya pili ili mumpige tena. Pesa yake mtamrudishia, lakini siku yake imepita. Na jina la kikundi nalo limekwenda.

Makala hii ina jambo moja la kusema. Ukali wa lenzi haujulikani kwa bei, wala kwa ukubwa, wala kwa maneno ya muuzaji. Unajulikana kwa kupimwa, na kipimo chenyewe ni gazeti, ukuta na nusu saa. Tena lenzi ya kununua si lazima iwe kali kuliko zote duniani. Ni ile inayotosha kwa kazi yenu, kwa pesa mliyo nayo.

LENZI NA NAMBA ZAKE

Kamera ina sehemu mbili: mwili na lenzi. Lenzi ni kama jicho. Ndani yake mna vioo kadhaa vilivyopangwa ili mwanga ukutane mahali pamoja. Mwanga ukikutana sawasawa, picha inakuwa kali: unaona ukope mmoja mmoja na nyuzi za kitambaa. Usipokutana sawasawa, picha inafifia.

Kwenye kila lenzi kuna namba za aina mbili. Mkizielewa hizi, hakuna muuzaji atakayewazungusha.

Namba ya kwanza ni milimita. Inasema lenzi inaona kwa upana gani. Namba ndogo inaona kwa upana, namba kubwa inaona kwa karibu. Chukua kamera ya kawaida ya Canon ya bei ya chini, usimame mita 5 kutoka kwa watu. Kwa lenzi ya milimita 18 utapata upana wa kama mita 6, yaani watu kumi na mbili wakisimama bega kwa bega. Kwa milimita 24 utapata kama mita 4 na nusu. Kwa milimita 50 utapata mita 2 na kidogo, basi ni watu wanne tu. Lenzi yenye namba mbili, kama 18-55, inaweza kuvuta kutoka namba moja hadi nyingine. Hiyo tutaiita lenzi ya kuvuta. Yenye namba moja tu, kama 50, haivuti. Ukitaka kukaribia, unatembea kwa miguu.

Namba ya pili inaanza na herufi f. Hii ni ukubwa wa tundu ambalo mwanga hupitia. Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa sababu namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Fikirini mkate. Mkate ukigawanywa kwa 2 kila mtu anapata kipande kikubwa. Ukigawanywa kwa 8 kila mtu anapata kidogo. Ni hivyo hivyo. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa f/2, gawanya 50 kwa 2: tundu lina upana wa milimita 25. Ikiwekwa f/8, tundu ni kama milimita 6 tu.

Tundu kubwa linaingiza mwanga mwingi. Kwa hivyo lenzi iliyoandikwa f/1.8 inafaa mahali penye giza kuliko iliyoandikwa f/5.6. Tofauti si ndogo: f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi.

TULINGANISHE LENZI TATU

Tuchukue mifano ya kweli, lenzi ambazo mtaziona mara kwa mara kwenye maduka ya mitumba.

Ya kwanza ni ile 18-55 inayouzwa pamoja na kamera. Canon wanayo, Nikon wanayo. Watu wengi huidharau, eti ni ya plastiki. Msiidharau haraka. Nje kwenye jua, ikiwekwa f/8, inatoa picha nzuri kabisa. Inaona kwa upana, kwa hivyo inapiga kikundi kizima mbele ya kanisa. Shida yake ni giza. Ukiivuta kufika 55, tundu lake haliwezi kupita f/5.6. Kwa upande wa Canon angalieni jambo moja: lenzi hizi zilizotoka mwanzoni, mwaka 2003, hazikuwa na ukali wa kusifiwa. Ile iliyotoka mwaka 2007, yenye herufi IS, ni bora kwa wazi. Herufi hizo maana yake kuna kifaa ndani kinachopunguza mtikisiko wa mkono. Kwa Nikon herufi zake ni VR. Kwa hivyo mkiwekewa lenzi mbili za 18-55 mezani kwa bei moja, someni herufi kwanza.

Ya pili ni lenzi ya milimita 50 f/1.8. Hii ndiyo lenzi ya mtu asiye na pesa nyingi. Canon waliitoa mwaka 1987, wakaitengeneza upya kwa plastiki mwaka 1990, halafu wakaitoa tena mwaka 2015 ikiwa na herufi STM. Ile ya 1990 ina uzito wa gramu 130 tu na inafungwa kwa plastiki, basi ikianguka inaweza kuvunjika shingo. Ile ya 2015 inafungwa kwa chuma, inafokasi kwa utulivu na inakaribia zaidi, mpaka sentimita 35. Lakini vioo vya ndani vimepangwa kwa namna ile ile: sita, katika mafungu matano. Mpango wa vioo wa aina hii si mpya. Mzizi wake ni kazi ya Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss huko Ujerumani, mwaka 1896. Ndiyo sababu lenzi hii ni rahisi kutengeneza na ni rahisi kununua. Urahisi wake hautokani na ubovu.

Ukali wake ukoje? Kwenye f/1.8 picha ni laini kidogo, hasa pembeni. Ukiifunga mpaka f/2.8 inabadilika. Kufika f/4 na f/5.6 ni kali sana, hata mtu akiiweka karibu na lenzi za bei kubwa itamtaabisha kuzitofautisha. Canon walitangaza milimita 50 nyingine ya f/1.2 mwaka 2006 kwa bei ya zaidi ya dola 1,000 za Marekani, na uzito wake ni zaidi ya nusu kilo. Mwenye kulipa bei hiyo analipia lile tundu kubwa na mwili imara. Zote mbili zikifungwa f/8, mteja wenu hataona tofauti kwenye picha ya ukutani.

Upungufu wa milimita 50 ni upana. Ndani ya nyumba ndogo utarudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta, na bado shangazi atakatwa.

Ya tatu ni lenzi ya kuvuta yenye tundu kubwa, kwa mfano Tamron 17-50 f/2.8, iliyotoka mwaka 2006. Hii inakaa f/2.8 hata ukiivuta mpaka mwisho, yaani inaingiza mwanga mara nne kuliko 18-55 iliyovutwa. Kwa kazi za harusi ni lenzi ya jembe. Baadaye, mwaka 2009, ilitoka nyingine yenye kifaa cha kuzuia mtikisiko, ikiwa na herufi VC. Hiyo ni ghali zaidi, lakini waliozipima wengi walisema ile ya kwanza isiyo na VC ndiyo kali zaidi. Mnaona? Iliyo ghali si lazima iwe iliyo kali.

Wenye kamera za Nikon, hapa sikilizeni vizuri. Nikon 50 f/1.8D haina mota ndani yake. Ukiifunga kwenye kamera kama D3100 au D5100, haitafokasi yenyewe. Utazungusha kwa mkono kila picha. Tafuteni yenye herufi AF-S: 50 f/1.8G ya mwaka 2011, au 35 f/1.8G ya mwaka 2009. Hiyo ya 35 ni nzuri kwa kikundi kwa sababu inaona kwa upana zaidi. Ukisimama mita 5 unapata zaidi ya mita 3.

Kuna jambo lingine linalowasaidia wanunuzi wadogo. Mwaka 2018 Canon na Nikon walitoa aina mpya za kamera zisizo na kioo cha kugeuza mwanga ndani. Wapiga picha wengi wenye uwezo wakahamia huko, wakauza vyombo vyao vya zamani. Vyombo hivyo havijaharibika kwa sababu vimeachwa na mwenyewe. Ng'ombe wa jirani aliyehama anatoa maziwa yale yale.

SI KILA PICHA ILIYOFIFIA NI KOSA LA LENZI

Kabla ya kulaumu lenzi na kutafuta nyingine, jiulizeni kama kosa liko mahali pengine. Makosa manne ndiyo huleta taabu.

(a) Mkono umetikisika. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera hizi, mwendo wa shata usiwe chini ya 1/80 ya sekunde. Kifaa cha IS au VR kinasaidia hapa.

(b) Mtu amesogea. Hapa IS haisaidii chochote, kwa sababu aliyetikisika si wewe. Kwa mtu anayetembea tumia 1/125 au zaidi. Kwa wanaocheza ngoma 1/250. Ndiyo maana tundu kubwa lina faida. Mahali ambapo lenzi ya f/5.6 inalazimika kukaa 1/15, ile ya milimita 50 ikiwekwa f/2 inaweza kufika 1/125. Na ndani ya kanisa ambamo padri ameomba flashi isitumike wakati wa Misa, hiyo ndiyo tofauti ya kupata picha na kukosa.

(c) Fokasi imeshika mahali pengine. Tundu likiwa wazi sana, sehemu iliyo kali inakuwa nyembamba. Ukimpiga mtu kwa milimita 50 kutoka mita moja na nusu kwenye f/1.8, sehemu kali ina kina cha kama sentimita 6 tu. Macho yatakuwa makali na masikio yamefifia. Kwa watu waliopangwa mistari miwili, funga mpaka f/5.6 au f/8.

(d) Kioo ni kichafu. Alama ya kidole na vumbi la barabara vinapunguza nguvu ya picha, hasa jua likiwa mbele yako.

Mkiona makosa haya yamerekebishwa na picha bado ni mbaya, sasa pimeni lenzi.

KIPIMO CHA GAZETI

Kipimo hiki mnaweza kukifanya dukani au nyumbani. Chukueni mwili wa kamera, gazeti la kurasa ndogo kama Taifa Leo, gundi ya karatasi, tochi, kalamu na daftari.

1. Bandikeni kurasa mbili zilizofunguliwa ukutani, zilale sawasawa bila mikunjo. Mahali pawe na mwanga wa dirisha.

2. Wekeni kamera juu ya meza au stendi ya miguu mitatu. Lenzi itazame katikati ya gazeti, na kamera iwe sambamba na ukuta. Sogeeni mpaka gazeti lijaze picha. Kwa milimita 50 ni kama mita moja na nusu.

3. Kama mnalinganisha lenzi ya kuvuta na isiyovuta, ivuteni ile ya kwanza mpaka 50. Mkilinganisha mahindi, yawe ya debe moja.

4. Geuzeni kidude cha juu mpaka Av kwa Canon au A kwa Nikon. ISO iwe 100 au 200. Zimeni IS au VR, kwa sababu kamera haishikwi. Tumieni saa ya kamera ya kuhesabu sekunde, ili kidole kisiitikise.

5. Pigeni picha mbili kwa kila tundu: lile kubwa kabisa la lenzi hiyo, halafu f/2.8, f/4, f/5.6, f/8 na f/11, kwa kadiri lenzi inavyofika.

6. Kuzeni picha kwenye kioo cha kamera, au bora kwenye kompyuta. Someni herufi ndogo katikati, kisha kwenye kona zote nne. Andikeni alama: 3 kama herufi zinasomeka wazi, 2 kama zinasomeka kwa taabu, 1 kama hazisomeki.

Sasa tusome majibu. Katikati kuwa kali kuliko kona ni jambo la kawaida. Kona kufifia kwenye tundu kubwa na kupona mkifunga f/5.6 au f/8 ni kawaida pia. Picha kuanza kupungua ukali tena kwenye f/16 na f/22 si ugonjwa wa lenzi. Mwanga wowote ukipita tundu dogo mno hutawanyika kidogo.

Jambo la hatari ni kona moja, au upande mmoja, kufifia wakati mwenzake ni mkali. Hapo kioo cha ndani huenda kimehama, labda lenzi ilianguka. Hakikisheni kwanza: geuzeni kamera juu chini mpige tena. Kama ubaya umefuata kona ile ile ya gazeti, kamera haikuwa sambamba na ukuta. Kama umebaki kwenye kona ile ile ya picha, ubaya ni wa lenzi. Irudisheni, hata kama bei imeshuka.

Kipimo cha mwisho ni cha fokasi. Lazeni gazeti mezani, kamera ilitazame kwa mshazari. Fungueni tundu mpaka mwisho, mfokasi kwenye mstari mmoja mliouwekea alama. Pigeni. Kama mstari mkali ni ule wa mbele au wa nyuma yake, lenzi na kamera hiyo hazipatani. Rudieni mara tano kabla ya kutoa hukumu.

MACHO NA TOCHI

Lenzi ya mtumba ichunguzwe kama ng'ombe sokoni. Toeni vifuniko vyote, mwasheni tochi upande mmoja na mtazame kutoka upande mwingine.

Vumbi kidogo ndani halina madhara, na karibu kila lenzi ya zamani inalo. Mkwaruzo mmoja mdogo kioo cha mbele mara nyingi hauonekani kwenye picha. Lakini mkiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu. Kuvu hupenda unyevu na giza, kwa hivyo ndugu zetu wa Pwani na wa kando ya Ziwa wawe macho zaidi. Ikikaa sana inakula rangi ya kioo na haitoki. Mkiona kioo cha ndani kina weupe kama pumzi ya asubuhi kwenye dirisha, kataeni pia.

Tazameni vile vipande vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu. Viwe vikavu. Vikiwa na mafuta vitachelewa kufunga, na picha zitatoka na mwanga usio sawa. Zungusheni fokasi, isikwaruze wala kulegea. Tikiseni lenzi taratibu karibu na sikio. Zenye IS hulia kidogo kwa kawaida, lakini nyingine zisilie.

Na kama mnauziwa vile vioo vya kubandika mbele ya lenzi, eti vinaongeza upana au kuvuta mbali, waachieni wenyewe. Vinashusha ukali wa lenzi nzuri mpaka ikawa mbaya.

MAZUNGUMZO DUKANI

Muuzaji: Karibu, mama. Chukua hii kubwa, ndiyo ya kazi.

Mweka hazina: Asante, kijana wangu. Ukubwa nauona. Naomba kuipima kwanza.

Muuzaji: Kupima nini tena, mama? Hii ni orijino.

Mweka hazina: Orijino nayo hupimwa. Hata gunia la mahindi hatulilipii kabla ya kuona mizani. Una ukuta hapa nibandike gazeti?

Muuzaji: Mama, wateja wengine hawafanyi hivyo.

Mweka hazina: Wengine wana pesa yao. Hii niliyobeba ni ya watu ishirini, na jioni nitasimama mbele yao nieleze.

Muuzaji mwaminifu hatakataa. Akikataa kabisa, kukataa kwake ni jibu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ombeni pia risiti yenye namba ya lenzi, na ahadi ya maandishi ya kuirudisha kwa siku chache mkiona kasoro.

THAMANI HUPIMWA KWA KAZI

Ukali unaolipiwa bila kuonekana ni pesa iliyotupwa. Picha nyingi wanazonunua wateja zina upana wa sentimita 10 kwa 15. Ili itoke vizuri inahitaji nukta kama milioni 2 tu. Ukubwa wa A4 unahitaji kama milioni 9. Kamera nyingi za mitumba zina milioni 12 hadi 24. Kwa hivyo tofauti ndogo ya kona mnayoiona mkikuza picha kwenye kompyuta itapotea kabisa kwenye karatasi ya mteja. Lakini mkono uliotikisika na uso uliofifia kwa giza havipotei. Hivyo ndivyo vya kutibu kwanza.

Fanyeni hesabu hii, na namba zake ni za mfano tu. Lenzi A inauzwa shilingi 9,000. Inawawezesha kupiga ndani ya kanisa bila flashi, na inaongeza faida ya shilingi 3,000 kwa mwezi. Imejilipa kwa miezi 3. Lenzi B inauzwa shilingi 60,000, ni kali zaidi kwenye kipimo, lakini wateja ni wale wale na bei ya picha ni ile ile. Faida inaongezeka shilingi 3,000 zile zile. Itajilipa kwa miezi 20, na katika miezi hiyo lolote linaweza kutokea: kuanguka, kuibwa, mvua.

Kwa kikundi kinachoanza, ushauri wangu ni huu. Nunueni mwili wa kawaida wenye 18-55 ya IS au VR. Fanyeni kazi za nje, jifunzeni, wekeni akiba. Kisha ongezeni 50 f/1.8, au 35 f/1.8 kwa Nikon, kwa kazi za ndani. Lenzi ya kuvuta ya f/2.8 ingoje mpaka harusi ziwe nyingi na kazi yenyewe iidai. Pesa inayobaki nunueni betri ya pili na kadi ya pili, kwa sababu lenzi kali yenye betri iliyokufa ni jiwe.

KUTUNZA ULICHONACHO

Lenzi iliyotunzwa inaweza kufanya kazi miaka mingi. Wekeni kifuniko kila mnapomaliza. Pulizeni vumbi kwanza kwa kipira cha kupuliza, ndipo mpanguse kwa kitambaa laini kisicho na mchanga. Msitumie upindo wa leso wala shati. Chembe moja ya mchanga inachora kioo. Hifadhini ndani ya debe au kopo lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Msiiache ndani ya mfuko wa ngozi kabatini msimu wote wa mvua. Mtu mmoja apewe daftari la kuandika nani amechukua kamera, lini, na imerudi katika hali gani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika miezi mitatu iliyopita, ni kazi ngapi za picha zilifanywa hapa kwetu? Ngapi zilikuwa nje, ngapi ndani?

2. Picha zetu mbaya zilitokana na lenzi, au na mtikisiko, fokasi na uchafu?

3. Ni nani wawili watakaokwenda kupima lenzi, na watabeba nini?

4. Lenzi tunayoitaka itajilipa kwa miezi mingapi?

5. Kamera itakaa kwa nani, na tutafanya nini ikiharibika mikononi mwa mwanachama?

Andikeni majibu kwenye kitabu cha mikutano kabla mweka hazina hajatoa hata shilingi moja. Kama kuna mtu kijijini mwenye kamera tayari, mwombeni awaazime kwa siku moja, mfanye kipimo cha gazeti pamoja ili wote wajifunze. Atakayetumwa mjini awe ameshaona kwa macho yake herufi kali zilivyo na zilizofifia zilivyo.